Nitapimaje kama uongozi wa mkoa wa sasa ni bora kuliko waliotangulia?

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Ngamiani, Tanga. Nyumbani kwetu kila jioni ni ubishi. Baba mdogo, aliyefanya kazi kiwandani hadi kiwanda kikafungwa, anasema wakuu wa mkoa wa zamani ndio waliokuwa viongozi, hawa wa leo kazi yao kukata utepe. Mume wangu anasema tutazame kwa macho: madarasa mapya, vituo vya afya, bandari imepanuliwa, makusanyo ya halmashauri yanapanda, hati safi zinakuja. Mimi niko katikati. Kikundi chetu cha akina mama kilikwama mkopo wa halmashauri mwaka 2023, na wenzangu wanasema ni uzembe wa waliopo. Nataka kupima kwa haki, bila ushabiki wa chama. Nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Nikikuelewa vizuri, unachoogopa ni kumvika mtu sifa ya kazi isiyo yake, au kumtwisha mwingine lawama ya kosa ambalo hakulifanya. Una haki ya kuogopa hivyo. Watu wengi wanaobishana kuhusu viongozi hawafiki hata hapo; huangalia hali ya mkoa ikoje, kisha wanamtazama aliyekalia kiti, wanaunganisha vitu viwili hivyo na kutoa hukumu. Baba mdogo na mumeo wote wawili wamefanya hivyo, ila kila mmoja kwa upande wake.

Cha kwanza kujua ni kiongozi unayempima alikuwa na nini mikononi mwake. Tunaposema "utawala wa mkoa" huwa tunachanganya vyombo viwili. Kuna Mkuu wa Mkoa, anayeteuliwa na Rais, akiwa na Katibu Tawala wa Mkoa na sekretarieti yake. Halafu kuna halmashauri, ambazo katika Mkoa wa Tanga ni 11, kuanzia Jiji la Tanga hadi Bumbuli, Kilindi na Pangani, kila moja ikiwa na madiwani waliopigiwa kura na mkurugenzi aliyeteuliwa. Fedha nyingi za shule, zahanati na masoko hupitia halmashauri. Tangu Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, sekretarieti ya mkoa ni mshauri na msimamizi: inapitia bajeti za halmashauri, inafuatilia utekelezaji, inawasaidia kitaalamu. Haijengi zahanati yenyewe.

Zamani haikuwa hivyo, na hapa ndipo kumbukumbu ya baba mdogo inapohitaji kusaidiwa. Mwaka 1972 serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zikavunjwa, za miji nazo zikafuata, na fedha za maendeleo pamoja na watumishi wakawekwa chini ya mkoa. Mkuu wa Mkoa wa 1975 alikuwa na mkono mrefu kweli. Akisema barabara ilimwe, alikuwa na mtu wa kumwamuru na fungu la kulitoa. Mwananchi alimwona akitenda, na picha hiyo ndiyo iliyobaki vichwani mwa wazee wetu. Lakini kipindi hichohicho huduma za miji zilizorota kiasi kwamba mwaka 1978 halmashauri za miji zilirudishwa, na sheria za 1982 zikarudisha mfumo mzima wa serikali za mitaa, ukaanza kazi 1984. Kwa hiyo ukimweka mkuu wa mkoa wa 1975 kando ya wa leo, unalinganisha watu waliofanya kazi mbili tofauti kwa cheo kimoja.

Hata miaka ya karibuni kazi imekuwa ikihama. Barabara za mitaa na vijijini zilikuwa za halmashauri hadi 2017, ilipoundwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Maji ya vijijini yalichukuliwa na RUWASA, wakala wa maji na usafi vijijini, kwa sheria ya 2019. Kodi ya majengo, iliyokuwa tegemeo la halmashauri za miji, ilikabidhiwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla. Ushuru wa mazao nao ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, jambo lililowagusa moja kwa moja wenye mkonge na machungwa kule Muheza na Korogwe. Hospitali ya Bombo, kama hospitali nyingine za rufaa za mikoa, iko chini ya Wizara ya Afya. Mkurugenzi wa 2014 aliyeacha barabara mbovu ana la kujibu. Wa leo, barabara ya mtaani kwako ikiwa na mashimo, swali la kwanza liende TARURA. Mkoa una Bodi ya Barabara inayoongozwa na Mkuu wa Mkoa na unaweza kusukuma, lakini kusukuma si sawa na kushika fungu.

Sasa nije kwa mumeo. Anayoyaona ni ya kweli. Bandari ya Tanga imeongezewa kina, na meli kubwa sasa zinafunga gatini badala ya mizigo kushushwa kwa matishari katikati ya maji. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani hapa Tanga, na urefu wake ni kilomita 1,443. Ila bandari ni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, na bomba limetokana na makubaliano ya mataifa na kampuni kubwa. Uongozi wa mkoa unaweza kusifiwa au kulaumiwa kwa vitu vilivyo pembezoni mwa miradi hiyo: je, waliopisha ardhi walisikilizwa, vijana wa Tanga walipata mafunzo ya kuajirika, migogoro ya mipaka ilitatuliwa kabla haijafika mahakamani? Hapo ndipo utendaji wa mkoa ulipo. Gati lenyewe liache.

Madarasa ndiyo yanayowapoteza wengi. Mwishoni mwa 2021 serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19 kujenga madarasa 15,000 nchi nzima. Kila mkoa ulipata. Kila mkuu wa mkoa wa wakati ule alipiga picha mbele ya madarasa, na mtangulizi wake wa 2018 hana picha kama hiyo kwa sababu fedha kama hiyo haikuwepo. Kuwa na madarasa hakukuambii chochote kuhusu uhodari wa mkoa. Uliza mambo mengine: yalikwisha kwa wakati? Fedha ilitosha, au wazazi walichangishwa tena madawati? Nyufa zilianza lini? Halmashauri mbili zilizopewa kiasi kilekile kwa ramani ileile zinaweza kutoa majengo tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo kazi ya msimamizi.

Kuna mfano ninaopenda kuwapa watu, ingawa ni wa zamani kidogo. Mwaka 2012 ufaulu wa darasa la saba nchini ulikuwa karibu asilimia 31. Mwaka uliofuata ulipanda hadi karibu asilimia 51. Mfikirie afisa elimu aliyehamia mkoa wowote Januari 2013. Miezi michache baadaye matokeo yake yanaruka, naye anaonekana mtenda miujiza, na aliyeondolewa anaonekana mzembe. Kumbe nchi nzima ilikuwa imeruka. Kwa hiyo usilinganishe Tanga ya leo na Tanga ya jana peke yake. Weka pembeni Kilimanjaro, Pwani, Morogoro na Manyara, mikoa tunayopakana nayo. Wote wakipanda kwa pamoja, hilo ni wimbi la nchi. Tanga ikipanda wao wamesimama, au ikishuka wao wanapanda, hapo una jambo la kuulizia.

Na hata hapo usiharakishe. Viongozi wengi hubadilishwa baada ya mwaka mbaya. Mwaka mbaya mara nyingi una bahati mbaya ndani yake: mvua zimekataa Handeni, bei ya machungwa imeanguka, ugonjwa umezuka. Mwaka unaofuata bahati mbaya huwa haijirudii kwa ukali uleule, mambo yanarudi kwenye kawaida yake, na mgeni anapewa sifa. Angalau miaka mitatu ndiyo inayoanza kusema kitu. Wakuu wengi wa mikoa hawadumu mahali pamoja muda mrefu kiasi hicho, na hilo lenyewe ni tatizo la kweli kwa mtu anayetaka kupima. Mara nyingine jibu la haki ni kwamba kiongozi fulani hakukaa muda wa kutosha kuhukumiwa, na usione aibu kulitoa.

Ukipita kwenye zahanati mpya, simama kidogo ukutani karibu na mlango. Mara nyingi utakuta vibao viwili vya marumaru. Kimoja kinasema jiwe la msingi limewekwa na fulani, tarehe fulani. Kingine kinasema jengo limezinduliwa na mwingine, pengine Mwenge wa Uhuru ulipopita. Soma tarehe zote mbili. Kati ya tarehe hizo kuna boma, yaani jengo lisilokamilika, lililosimama hadi lenta, nyasi zikiota ndani, na kamati ya ujenzi iliyochoka kuandika barua. Aliyezindua amepata makofi. Aliyeanzisha pengine alianzisha bila bajeti ya kumalizia, naye hilo ni kosa lake. Au pengine aliacha mpango mzuri na fedha zikachelewa kutoka Hazina. Vibao havikuambii ni lipi kati ya hayo, lakini vinakuambia uulize nini, na uulize kuhusu mwaka gani.

Kuhusu makusanyo: kiasi cha fedha kikitajwa bila bei za vitu na idadi ya watu, kinadanganya hata kama ni cha kweli. Chukua mfano wa kubuni. Halmashauri ilikusanya bilioni 10 miaka mitano iliyopita, leo inakusanya bilioni 14. Inasikika kama ongezeko la asilimia 40. Tuseme bei zilipanda asilimia 4 kila mwaka. Bilioni 14 za leo zinanunua kilichokuwa kikinunuliwa kwa bilioni 11 na nusu wakati ule. Sasa ongeza watu. Mkoa wa Tanga ulikuwa na watu 2,045,205 katika sensa ya 2012 na 2,615,597 katika ya 2022. Hiyo ni karibu asilimia 2.5 kwa mwaka. Ukigawa kwa watu walioongezeka ndani ya miaka hiyo mitano, unabaki na thamani ya bilioni 10 na kidogo. Kwa kila mkazi, halmashauri iko palepale. Tena mashine za POS za kukusanyia ushuru na mifumo ya malipo ya kielektroniki imefungwa nchi nzima, ikiziba mianya ambayo mhasibu wa zamani alikuwa akihangaika nayo kwa vitabu vya risiti. Ukitaka kumtendea haki aliyetangulia, kumbuka alikusanya kwa nyenzo zipi.

Hati safi nayo ina maana finyu kuliko watu wanavyodhani. Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali anapotoa hati inayoridhisha, anasema hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango na zinaonyesha hali halisi kwa kiasi cha kuridhisha. Hasemi fedha zilitumika kwa busara. Soko lililojengwa mahali ambapo hakuna mfanyabiashara anayekwenda linaweza kuwa na hesabu safi kabisa. Kuna na suala la muda: ripoti iliyowekwa hadharani Aprili 2025 ilihusu mwaka wa fedha ulioishia Juni 30, 2024. Kiongozi aliyeingia mwanzoni mwa 2025 hana mkono wowote katika ripoti hiyo, ya sifa wala ya aibu. Katika ripoti hizo mimi husoma zaidi sehemu ya hoja za miaka ya nyuma zisizofungwa, yaani dosari ambazo mkaguzi alizitaja na bado hazijajibiwa. Kila uongozi hurithi hoja. Unaozifunga, moja baada ya nyingine, bila kamera, unafanya kazi ngumu ambayo haina utepe.

Baba mdogo namheshimu, na msiba wake naujua kwa sababu Tanga nzima iliubeba. Mji huu ulikuwa na viwanda, ulikuwa na reli iliyobeba mkonge, na ulikuwa na vibarua waliolipwa. Mwaka 1964 nchi ilizalisha mkonge takriban tani 230,000, na sehemu kubwa ilitoka mashamba ya huku. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa karibu tani 20,000. Kamba za plastiki ziliua bei duniani, utaifishaji wa 1967 ukaweka mashamba mengi chini ya menejimenti ambayo haikuyaweza, kisha fedha za kigeni zikakauka na viwanda vya umma vikakosa vipuri na malighafi. Hakuna mkuu wa mkoa, wa wakati wowote, aliyekuwa na uwezo wa kuzuia hayo. Kwa hiyo baba mdogo anasema kweli kwamba Tanga ilikuwa tajiri zaidi ikilinganishwa na miji mingine. Anakosea anapodhani utajiri ule uliletwa na hodari na ukaondolewa na wazembe. Mwambie hivyo taratibu, maana mtu aliyepoteza kazi hataki kusikia kwamba hakuna wa kulaumiwa. Wapo wa kulaumiwa, ila hawakukaa ofisi ya mkoa.

Basi upime nini? Mimi nikipewa halmashauri nisiyoijua, naanza na mambo ambayo hayategemei wimbi la nchi wala bei ya dunia. Natazama maboma yaliyorithiwa: mangapi yamekamilishwa kabla ya mapya kuanzishwa. Natazama fedha zilizopokelewa na zilizobaki bila kutumika ifikapo Juni 30, kwa sababu fedha iliyofika ikakaa ni uzembe wa hapahapa. Natazama mgawanyo wa walimu. Mkoa hauajiri walimu wapya kwa hiari yake, lakini kuacha shule ya mjini na walimu wa kusazwa wakati ya Kilindi au milimani Lushoto ina watatu ni uamuzi wa huku, na kuurekebisha kunahitaji ujasiri kwa sababu kila mwalimu ana mtu wa kumpigia simu. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo kizuri kuliko vyote, na ndicho kisichotajwa kabisa kwenye hotuba. Kisha nauliza madiwani wa vyama vyote kama wanapewa makabrasha mapema kabla ya kikao au wanakabidhiwa mlangoni.

Maoni ya watu mtaani pia yana uzito, usiyadharau. Yanakuambia lugha ya watumishi kaunta, foleni, rushwa ndogondogo, mambo ambayo takwimu hazishiki. Udhaifu wake ni kwamba tunawakumbuka waliotuacha kwa wema kuliko tulivyowaona walipokuwepo, na kwamba mtu wa chama fulani huona kwa jicho la chama. Ukiuliza, usiulize "nani bora?" Uliza "mara ya mwisho ulipokwenda kufuata leseni ya biashara, ilichukua siku ngapi?"

Sasa mkopo wenu. Aprili 2023 serikali kuu ilisimamisha nchi nzima mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, ili kupanga upya utaratibu baada ya fedha nyingi kutorejeshwa. Mwaka 2024 ikatangazwa kurejea kwa utaratibu mpya. Kwa hiyo kukwama kwenu mwaka 2023 si uzembe wa Tanga. Ila ikiwa mpaka sasa hamjapata na wenzenu wa kata jirani wamepata, hilo ni la huku, na halitatuliwi kwa kusoma majibu yangu. Nendeni wenyewe, viongozi watatu wa kikundi, kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, mkiwa na cheti cha usajili, katiba na taarifa ya benki. Mwombeni awaonyeshe ombi lenu limefika hatua gani kwenye mfumo na limekwama kwa sababu ipi. Asipokuwa na jibu, pandeni hadi ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri.

Kwa mengine, anzia mbao za matangazo za ofisi ya kata na mtaa, ambako mapato na matumizi yanatakiwa kubandikwa. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Kaa nyuma, sikiliza. Ukihitaji hati ambayo haijabandikwa, andika barua kwa mkurugenzi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa siku 30 kujibu. Pima utendaji kwa utulivu, lakini ukikuta malipo ya kazi ambayo haipo, au jina la mtu aliyelipwa posho bila kuijua, hilo si suala la kulinganisha viongozi tena. Usilizungumze barazani wala kulirusha kwenye makundi ya simu. Chukua nakala, andika tarehe na mahali, upige 113, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, au ufike ofisini kwao mwenyewe, na uombe nakala ya barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hujaondoka.